Pipa la Mkate la Mama

Mama alifariki Jumanne asubuhi, theluji ikianguka. Jumamosi yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nyumba yetu haikunukia mkate mweusi.

Mama alikandia unga katika pipa dogo la mbao. Pipa hilo halioshwi kwa maji. Chachu hukauka ndani yake, na wiki inayofuata huamshwa kwa maji ya uvuguvugu. Chachu yetu ilianza na bibi yake Mama.

Mdogo wangu Jarkko alikuwa na miezi minne tangu aache amfetamini, dawa ya kulevya iliyomtesa miaka tisa. Alitaka yeye ndiye aoke. Nilimwambia mara tatu asilioshe pipa. Alhamisi iliyofuata nikalikuta limeoshwa, limeanikwa karibu na jiko.

"Umerudia dawa?" nikamuuliza.

"Sijagusa, dada. Nilisahau tu."

"Mtu hasahau jambo kama hilo. Fungasha vitu vyako."

Jirani yetu Tuulikki, muuguzi wa kliniki ya waraibu anakotibiwa Jarkko, aliingia akamkuta anafunga begi. Nikamweleza.

"Kwani hajaacha?" nikamalizia.

"Ameacha. Ubongo ndio bado unapona. Kumbukumbu hurudi polepole, kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Wewe umemwambia mara tatu. Yeye amefanya mara ngapi kwa mikono yake?"

"Hata mara moja."

"Basi umefundisha masikio."

"Na masikio yenyewe yalikuwa yamelala," Jarkko akasema.

Tuulikki akacheka. "Hatua moja kwa siku. Aandike, afanye mwenyewe, alale vizuri, kesho arudie."

"Na chachu?"

Alipitisha kidole ndani ya pipa. "Mbao zina nyufa, huenda imebaki humo. Jaribuni."

Jarkko alitia maji na unga, akabandika karatasi ukutani. Kila asubuhi alisoma, akakoroga, akatia alama. Siku tatu, kimya. Siku ya nne akaniita.

"Dada, njoo usikilize."

Tuliinamisha vichwa. Ndani mlikuwa na sauti ndogo, kama mvua ya mbali. Mama alikuwa chini ya theluji, na kazi ya mikono yake ilikuwa inapumua mbele yetu.

Theluji ilipoyeyuka, Jarkko alikanda unga wote, kisha akasimama akiitazama mikono yake.

"Sijasoma karatasi," akasema taratibu.

Sasa huoka mkate kila Jumamosi. Siku nyingine husahau chumvi, nasi tunaula hivyo hivyo.