Safu ya Chini ya Miparachichi

Waliohudhuria shambani Busunzu, Jumanne ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi: Mzee Anania, mwenyekiti wa kikundi; Venanti, katibu; Ndayikunda, mtunza shamba; na Immakulata, bibi shamba wa kata.

Miparachichi kumi na minane ya safu ya chini ilikuwa imekauka. Ikithibitika kwamba Ndayikunda aliitia sumu, angefukuzwa kikundini na kunyang'anywa eneo analolima.

"Nilimwona na bomba la dawa mgongoni," alisema Venanti. "Huyu wa kambi ya wakimbizi mlimkaribisha wenyewe."

"Kambini nilitoka nikinyonya, kaka. Wewe hadi leo hujachoka kunirudisha? Nilikuwa nanyunyizia nyanya zangu."

Immakulata aliinama. "Sumu ya kuua mti ingeunguza na magugu. Mbona ni mabichi?"

Akachimba shinani. Mizizi ilikuwa myeusi, ikinuka kinamasi, na shimo likaanza kujaa maji. Akapanda hadi safu ya juu, akachimba tena: udongo mkavu kiasi, mizizi myeupe.

"Miche ilitoka kitalu kimoja?"

"Kimoja, siku moja," alijibu Anania.

"Unamwagiliaje, Ndayikunda?"

"Ndoo moja kila mti, mara moja kwa wiki. Safu zote."

"Basi huu ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Vimelea vyake huenda vimo hata huku juu, lakini mzizi unaopata hewa huvihimili. Uliozama majini hudhoofika, ukashindwa. Swali ni moja: kiangazi hiki, maji yametoka wapi?"

Saa tatu na nusu waliufuata mtaro unaoondoa maji ya chemchemi shambani. Mwisho wake, chini ya safu iliyokauka, ulikuwa umezibwa kwa viroba vya udongo. Kando palikuwa na dimbwi, na tofali mbichi zilizofunikwa nyasi.

"Tofali za nani?"

"Za kijana wangu," alisema Venanti. "Anaoa Septemba."

"Maji mnachota wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni ni saa nzima kwa miguu, Mzee Venanti. Na dimbwi hili?"

"Yewe Venanti," alisema Anania, "mjibu bibi shamba."

Venanti alitazama viroba. "Niliziba Mei, nipate maji ya tofali. Nilidhani maji mengi yataistawisha miti. Majani yalipogeuka njano nikajua, lakini tofali zilikuwa hazijatimia. Nikaona bomba la huyu, nikasema."

"Ukasema mimi," alisema Ndayikunda.

Anania alivua kofia. "Sikieni wote. Ndayikunda anabaki na eneo lake. Ukatibu wa Venanti umekoma leo, na mtaro atauzibua sasa, tukimtazama. Safu ya chini haitapandwa mti mpaka udongo utoe maji yote. Na atakayetuambia umekauka ni Ndayikunda."