Kisanduku cha Hali ya Ndoa

Siku ya soko Migori mjini, ukiwa na haraka ndipo utasimamishwa na kila mtu. Lynnet Aoko alikuwa na haraka. Blauzi yake nyeupe pe alikuwa ameipiga pasi mara mbili, sketi ya bluu ilimkaa vizuri kiunoni, ila viatu vyake vya kisigino vumbi la barabara ya Isebania lilishavibadilisha rangi. Alipenya kati ya akina mama wauza dagaa wa omena na boda boda waliokuwa wakipigiana honi, akaingia kwenye duka dogo lililoandikwa mlangoni: PICHA ZA PASIPOTI. KUCHAPA. FOMU ZA KILA AINA.

"Nataka picha ya pasipoti, na niko na haraka," alisema hata kabla ya kusalimia.

Mwenye duka aliitwa Werema, kijana mrefu mwenye mwanya, Mkuria wa upande wa Kehancha. Alimkalisha kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe, akapiga, akamgeuzia kamera aone.

"Hii ni nini?"

"Ni wewe, madam."

"Mimi? Hiki ni kichwa kinaelea!"

"Si umekuja na blauzi nyeupe kwa ukuta mweupe. Mimi nimepiga kile nimeona."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Lynnet alitaka kukasirika, akashindwa. Werema akavua sweta yake ya maruni na kumpa.

"Vaa hii. Ni safi, nimeifua Jumamosi."

"Leo ni Alhamisi."

"Basi usinuse."

Picha ya pili ilitoka vizuri. Mdomo ulikuwa umefungwa jinsi serikali inavyotaka, lakini macho yalikuwa yakicheka. Lynnet alilipa, akapanda boda boda, na alikuwa ameshafika Masara alipogundua kwamba bado amevaa sweta ya mwenyewe. Jioni simu ikalia.

"Madam, umeniibia."

"Nani huyu?"

"Mwenye sweta. Namba yako iko kwa kitabu changu cha wateja."

"Kuja uichukue. Niko Masara."

"Sasa nitoke Migori nije Masara kwa sababu ya sweta tu?"

"Kwani unataka uje kwa sababu ya nini?"

Jumamosi Werema alikwenda. Sweta hakurudi nayo. Na Jumamosi iliyofuata akaenda tena, kuiulizia.

Lynnet alikuwa ofisa wa afya ya jamii. Masara watu huchimba dhahabu kwa mikono na kuisafisha kwa zebaki, na maji ya kusafishia hutiririka hadi kwenye vijito ambako watoto huchota ya kunywa. Kila wiki alipima maji hayo, akaandika ripoti, na kila wiki yalikuwa vilevile. Alichotaka maishani ni kujua jinsi ya kuyasafisha, na kwao Kenya nzima alishagonga kila mlango. Ndiyo maana alitafuta pasipoti. Mwaka mmoja na nusu baadaye barua ikaja kutoka chuo kikuu kimoja Ubelgiji: nafasi ya shahada ya uzamili, na ufadhili kamili. Iliyobaki ni viza.

Katika mwaka huo na nusu, Werema alikuwa ameshaacha kuulizia sweta. Alimwita jaber, yaani mrembo, kwa Kiluo chake kilichopinda, naye akamwita Bwana Fomu. Mwezi wa nne Werema alikwenda Homa Bay, nyumbani kwao Lynnet, na baba zake wadogo wawili, wamevaa makoti ya suti, kupeleka ayie. Kwa Waluo, ayie ni kitu anachopewa mama wa msichana, na neno lenyewe maana yake ni "nimekubali". Mama akishaipokea, majirani humhesabu binti yake kuwa mke wa mtu, na kijana huwa ora, yaani mkwe. Lakini kwa wazee wa kwao Werema mambo hayakuishia hapo. Kwao, ng'ombe wasipoingia boma la wakwe, hakuna mke. Jambo hilo kila upande ulilijua kwa upande wake, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenzake.

Likaja kuulizwa na fomu ya viza.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa sita. Lynnet alitakiwa kuwa Nairobi Alhamisi asubuhi, kwenye kituo cha kupokea maombi ya viza. Akikosa siku hiyo nyingine haikuwepo mpaka Septemba, na chuo kingekuwa kimeshafunga mlango. Alikaa dukani kwa Werema akinywa soda, huku Werema akichapa na kumtania.

"Umewahi kufukuzwa nchi yoyote?"

"Bado. Lakini Masara wananitafuta."

"Nimeandika hapana."

Akachapisha, akampa asome. Lynnet alisoma akitabasamu, kisha tabasamu likakauka.

"Werema. Hapa umeandika nini?"

"Wapi, jaber?"

"Kwa hali ya ndoa. Umeniandika single."

"Eeh."

"Eeh nini? Mama yangu alikula ayie ya nani?"

Dukani walikuwemo wateja watatu, na wote waliacha walichokuwa wakifanya. Hapo Werema alipaswa kuinuka, kufunga mlango na kumweleza mambo polepole: kwamba kisanduku kile kinataka cheti cha ndoa, kwamba anayeandika ameolewa huku hana cheti ataulizwa maswali mpaka safari impite. Hayo yote aliyajua, fomu ndiyo kazi yake. Lakini alikuwa na hofu nyingine, na mwanamume mwenye hofu hujibu kama karani.

"Tunaandika vile iko, Lynnet. Ng'ombe bado wako kwa baba. Wewe hujaolewa."

"Sawa. Na wewe hujaoa."

"Si hivyo! Nataka tu uende bila kamba kwa shingo."

"Kamba? Kwani uliniona mimi mbuzi?"

Akachukua mkoba wake akatoka. Soda iliachwa nusu. Na juu ya kioo cha mashine ya skani, chini ya kifuniko, iliachwa pasipoti.

Jumanne Lynnet aliamkia kwao Homa Bay macho yamevimba. Werema alikuwa amempigia mara kumi na moja. Mama yake, Mama Bathsheba, alimwangalia akimimina chai.

"Nyathina, mwanangu, chai haijakukosea. Mbona unaikoroga hivyo?"

"Mama, ukipokea ayie ya mtu, halafu yeye mwenyewe aseme hujaolewa, hiyo ni nini?"

"Nani amesema?"

"Werema. Tena ameandika."

Mama Bathsheba aliweka birika chini. Yeye alikuwa ameshatangazia nusu ya kanisa kwamba ana mkwe.

Adhuhuri Lynnet alifungua mkoba, pasipoti hakuiona. Akautikisa mkoba wote juu ya kitanda. Kabla hajajua amlilie nani, ujumbe ukaingia: *Pasipoti yako iko kwangu.* Akajibu: *Itume na gari.* Werema: *Gari siliamini.* Lynnet: *Na wewe nikuamini?* Hapo simu ikanyamaza. Usiku huo alilala akiwaza kwamba amemkosa mtu na safari kwa siku moja, na alilia bila aibu.

Jumatano saa sita za mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, simu ikalia.

"Unataka nini?"

"Niko kwa geti yenu."

Lynnet alichungulia dirishani. Werema alikuwa amesimama nje ya geti juani, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingo, tai, viatu vinang'aa, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani.

"Si uingie."

"Siingii."

"Mbwa amefungwa."

"Si mbwa. Mama yako yuko ndani?"

"Yuko."

"Basi nitaingia aje? Peke yangu, mikono mitupu, bila kutuma mtu mbele? Yule ni mama mkwe, Lynnet. Mjomba wako aliniambia siku ya ayie, ora haingii kwa watu ghafla kama muuza mitumba. Njoo wewe."

Lynnet alibaki na simu sikioni. Nyuma yake mama alikuwa ameshainuka kwenye kochi, amejitanda leso na kujiondokea kuelekea chumbani, kama ilivyo desturi mkwe akiwa karibu.

"Amekataa kuingia, Mama. Anasema wewe ni mama mkwe."

Mama Bathsheba alicheka kutokea mlangoni mwa chumba. "Mtu ambaye hajaoa angekuwa ameingia zamani, ameomba na maji. Nenda, jua litamuua mtoto wa wenyewe."

Lynnet alikwenda mpaka getini. Hakulifungua mara moja.

"Ongea."

"Kile kisanduku kinataka cheti. Hatuna. Wakikuuliza, utawaonyesha nini, picha ya mama akicheza siku ya ayie? Watakataa. Nimeona watu wakikataliwa kwa kitu kidogo kuliko hiyo."

"Ungeniambia hivyo Jumatatu. Kwa nini ulisema ile maneno yako ya kamba?"

Werema alitazama viatu vyake.

"Niliogopa. Nikiandika umeolewa wakatae, kila siku ukiona yale maji ya Masara utaniona mimi. Nikiandika single uende, labda utabaki huko single kweli. Sikujua niogope gani. Nakupenda, Lynnet, mpaka kazi yangu mwenyewe imenishinda."

Hakuwahi kusema hivyo waziwazi. Lynnet alifungua geti, akatoka nje, akasimama naye juani. Alitamani kumkumbatia lakini majirani walikuwa wameshaweka viti wawatazame.

"Bwana Fomu."

"Naam."

"Siku nyingine ukiogopa, uogope na mimi. Usiogope peke yako halafu unijibu kama mtu wa ofisi."

"Nimesikia."

"Leta hiyo fomu. Na ubandike hizi picha."

Alimpa bahasha ndogo. Werema akatoa picha, akaduwaa. Lynnet alikuwa ndani ya ile sweta ya maruni.

"Hii ulipiga lini?"

"Jana jioni. Hapa mjini."

"Ukiwa umenikasirikia hivyo? Na bila pasipoti?"

"Nguo zingine zilikuwa zimeloa."

"Zote?"

"Werema, bandika picha."

Akabandika, fomu akiiegemeza kwenye nguzo ya geti. Kisha akainama, Lynnet akaweka fomu mgongoni mwake atie sahihi. "Usicheke," alimwonya, "unatikisa jina langu." Saa nane alikuwa kwenye basi la Nairobi, pasipoti mkobani na kisanduku kile kikiwa vilevile Werema alivyokijaza.

Viza ilitoka mwezi wa nane. Wiki hiyohiyo lori lilitoka Kehancha likaingia Homa Bay na ng'ombe wanne wa kutanguliza, na baba wadogo walewale na makoti yao. Safari hii Werema aliingia getini na watu wake, kwa nyimbo, huku Mama Bathsheba akipiga vigelegele akiwa mbali kwa adabu.

Ilibaki mwezi mmoja na siku mbili Lynnet apande ndege. Wakaenda kwa msajili wa ndoa kutoa notisi ya kuoana. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimsogezea Lynnet fomu na kalamu. Lynnet alianza kujaza kwa furaha, kisha akasimama, akaziba mdomo kwa mkono.

"Nini tena?" Werema aliuliza, hofu ikimrudia.

"Hali ya ndoa," alisema Lynnet. "Hata hawa wanataka niandike single."

"Sasa ungekuwa umeolewa, ungekuja kufanya nini hapa?" karani alimuuliza.

Lynnet alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko, kwa maana mwezi mmoja si siku nyingi. Akaandika kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba hajaolewa, kisha akampa Werema kalamu.

"Na wewe andika yako," alimwambia. "Andika vizuri, Bwana Fomu. Hii ndiyo mara ya mwisho."