Chumba Nyuma ya Chuo

Jua lilikuwa linazama, na Fundi alikuwa anarudi kutoka dukani na uzi mweusi, simu ilipoita. Binti yake. Mwanawe wa pekee, mwaka wa pili sasa chuoni, kwenye ule mji mdogo wa milimani ambako watu hushinda na masweta mchana kutwa.

"Shikamoo, mama. Njoo unitembelee. Wiki moja tu."

Fundi akasimama hapohapo, meno yote nje. Mwaka wa kwanza mtoto alipiga simu za kulia tu. Kila mtihani alianguka, na chuo kilikaribia kumrudisha nyumbani. Kisha muhula uliopita, ghafla bin vuu, akaongoza darasa zima. Fundi alitangaza mtaa mzima. Hakuuliza imekuwaje.

Akaketi kwenye cherehani yake, akageuza karatasi ya kukatia nguo, akapanga safari. Jumatatu, basi la alfajiri. Jumanne, kuona madarasa na maktaba. Jumatano, sokoni. Alhamisi, kupanda hadi kwenye maporomoko ya maji, magoti yakikubali.

"Dada, utarudi unaongea kwa pua," akamtania mdogo wake aliyekuwa pembeni akishona vifungo. Walimwita Bashasha, kwa kuwa hakuwa na siku ya kununa. Hakuolewa. Yeye ndiye aliyembeba yule binti mgongoni miaka ile Fundi akikesha na kazi za watu.

Siku ya tatu, binti akapiga tena. Chumba kimepatikana, kwa mama mmoja nyuma ya chuo.

"Nitajie vipimo vyako, mama. Mama mwenye nyumba anakuandalia nguo."

"Kifua au nianze na kiuno?"

"Hapana. Urefu... kutoka utosini hadi kisiginoni. Na upana wa mabega. Basi."

Mguu wa Fundi ukaganda juu ya pedali. Miaka thelathini ya ushonaji, hajawahi kuona nguo inayoanzia utosini. Ila seremala wa jirani, anayetengeneza majeneza, huja kwake kuazima utepe wa kupimia. Yeye huandika vipimo viwili tu. Hivyo hivyo viwili.

"Nguo gani hiyo, mwanangu?"



Kwenye simu mtu alikuwa anapumua. Taratibu. Hakuwa binti.

"Mama... usiulize," binti akanong'ona. "Nitajie tu. Anasikiliza."

Fundi akamtazama Bashasha, kichwa kimeinama juu ya vifungo. Akafungua daftari la wateja, ukurasa wa mdogo wake. Akasoma vipimo polepole.

Jioni ile ile akamwambia, "Mdogo wangu, sare za shule zimenibana. Nenda wewe."

Bashasha aliruka kama mtoto. Asubuhi ya Jumatatu Fundi akamvika koti lake mwenyewe na kilemba chake mwenyewe. Akamfunga vifungo kimoja kimoja, hadi shingoni.

Jumatatu Bashasha alipiga simu akicheka. Baridi inaingia hadi kwenye uboho! Jumanne akacheka kidogo. "Dada, mama huyu ananiita Fundi. Nimemwambia mimi si Fundi. Anatabasamu tu."

Alhamisi hakucheka.

"Kila magharibi anasimama nje ya mlango wangu, anaita. Binti kanishika mikono, analia. Kasema nisiitike hata iweje. Kuna nini hapa, dada?"

"Uchovu tu huo."

Jumamosi, jua likizama, simu ikaita.

"Dada..." Sauti ilikuwa ndogo. "Yupo mlangoni. Chumba kinanuka udongo mbichi. Binti kafungiwa nje, anagonga dirisha. Nifanyeje?"

Fundi akabana simu sikioni. Akaisikia sauti ya yule mama, tamu, ya upole.

*Fundi... Fundi...*

Kisha akaisikia tena. Si kwenye simu.

Nje ya mlango wake mwenyewe.

*Fundi...*

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikapenya chini ya mlango. Kitasa kikainama kidogo, kikatulia, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

"Dada, niitike?"

Fundi akafumba macho.

"Itika," akasema.

"Abee!" akaitika Bashasha.

Simu ikakatika. Kitasa kikarudi juu. Nje hapakuwa na mtu.

Mwili uliletwa Jumatatu. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama usingizini. Fundi alilia hadi majirani wakamshika mikono, na kilio kile kilikuwa cha kweli. Binti hakutoa hata chozi.

Baada ya mazishi walibaki wawili jikoni, wakiosha vikombe vya waombolezaji.

"Nilikuwa dirishani," binti akanong'ona. "Mama mdogo alikuwa ameweka simu kwenye spika."

Fundi aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha kutakata.

"Wewe ndiye niliyekutoa kafara, mama. Wewe. Mama mdogo nisingemtoa hata wangenikata vipande."

"Kina nani, mwanangu? Uliwaahidi nini?"

Binti akafuta mikono yake. Akaenda kutandika kitanda.

Nyumba ilijaa wageni wa msiba, kwa hiyo mama na mwana walilala kitanda kimoja. Taa ikazimwa. Walilala wakitazamana gizani, macho makavu, pumzi kwa pumzi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa mwenzake mgongo.

"Mama..." sauti ikaita, karibu sana. "Umelala?"

Ilikuwa sauti ya binti. Au ilifanana nayo.

Fundi akauma ulimi. Hakuitika.