Fundo la Chancelle

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Priscille alipita nyuma ya darasa lao huko Mangobo kumwagilia mche wake wa safu, mti wa matunda ya rangi ya zambarau. Miche ya shindano la darasa ilikuwa kumi na miwili. Udongo wa kila mmoja ulifungwa na mwenyewe kwa kamba na majani ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo, na juu yake kulichomekwa kibao chenye jina la mwanafunzi. Mche bora ungepandwa katika bustani kubwa ya mimea, ile iliyokuwepo kabla bibi zao hawajazaliwa, na jina la aliyeulea lingebaki pale miaka yote.

Priscille alilitaka jina hilo liwe lake. Tena alikuwa amekwisha kumwahidi mama. Lakini mche wa Chancelle, binti wa mvuvi wa kabila la Wagenia, ulizidi kupanda. Wivu ulimkaa Priscille kooni kama mwiba wa samaki. Kila siku alifukua udongo wake aone kama mzizi umeongezeka, kisha akaufukia.

"Ndeko, dada, unatafuta nini humo, almasi?" Chancelle alimtania.

"Angalia wako!"

Siku ya kwenda bustanini darasa lilivuka mto na miche yao kwa mtumbwi wa injini. Papa Dominique, mtunza bustani, akawaingiza katika nyumba ya vioo. Joto liliwapokea kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Wanafunzi wengine waliinua macho kutazama mimea iliyotambaa hadi darini. Priscille hakuona kitu ila mche wa Chancelle, juu ya meza pamoja na mingine. Wengine walipokwenda kuona maua, alibaki nyuma, akabadilisha vibao viwili, chake na cha Chancelle.

Papa Dominique aliporudi aliipima miche, akainua ule mrefu.

"Bon, huu ndio umeshinda. Priscille! Kuja, mutoto. Fungua majani tupande."

Makofi yakalia. Chancelle aliutazama mche, akamtazama Priscille.

Priscille akashika kamba. Fundo lilikuwa dogo, limezungushwa mara tatu, kama yale ambayo Wagenia hufungia mitego yao isichukuliwe na maji. Alivuta. Likazidi kukaza.

"Fundo lako mwenyewe linakushinda?" mwenzao Israël akacheka.

Chancelle akasogea. Akalisukuma fundo kwa kidole gumba, likalegea. Kisha akarudi mahali pake bila neno.

Afadhali angepiga kelele! Ukimya ule ulimchoma Priscille kuliko fimbo. Bwana, nipe mdomo, aliomba moyoni.

"Papa, mche si wangu. Ni wa Chancelle. Nilibadilisha vibao."

Papa Dominique akaufungua mche mdogo wa Priscille, akatazama mizizi iliyokatikakatika.

"Nani alikuwa anaufukua?"

"Mimi. Nilitaka kujua kama utaupita wa Chancelle."

Mche wa Chancelle ulipandwa kwa jina lake. Aliyeushika usimame wima, udongo ukimiminwa, alikuwa Priscille, kwa maana Chancelle mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Nisamehe, ndeko," Priscille alimnong'oneza.

"Shika vizuri kwanza. Unapinda."

Walipoagana, Papa Dominique alimrudishia Priscille mche wake.

"Bado iko muzima," alisema. "Mbegu zenu zilitoka mti mmoja, na mvua ya Mungu iko moja. Mche haukukataa kukua, mwanangu. Ni wivu wako uliokuwa unaukata mizizi. Umwagilie maji, useme kweli, halafu uuache ukue."