Sikio la Basbusa

Siku waliyokutana, Nermin alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya samaki, katikati ya soko la Anfushi, akimnong'oneza paka maneno matamu ambayo wanaume wengi wa Iskandaria wamezeeka bila kuambiwa. Hijabu yake ya rangi ya ndimu ilikuwa imeshalowa maji ya samaki.

"Dada, hiyo meza ni yangu," alisema Shawki, kijana wa buti za mpira, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko kichwa. "Na huyo paka ni wangu. Anaitwa Basbusa."

"Basbusa wako ana minyoo, ustadhi. Mimi najitolea kwenye makao ya paka."

"Na wenye meza, mnawatibu?"

"Tunaanza na wenye akili."

Mapenzi yamewahi kuanza kwa maneno mabaya zaidi ya hayo. Mwezi mzima Shawki alipeleka vichwa vya samaki kwa wagonjwa wa Nermin, na simu hazikupoa.

"Umekula, mwezi wangu?"

"Nimeng'atwa mara mbili. Uliza kama nimeliwa."

Kisha Nermin akamchukua Basbusa "kwa daktari kidogo tu," akamrudisha ncha ya sikio la kushoto ikiwa imekatwa.

Hapa yatupasa kukasirika, tena kwa utaratibu. Alama hiyo huwekwa paka akiwa usingizini, akishafungwa kizazi, ili asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili. Ni sentensi moja tu. Lakini binti wa watu hamtajii kizazi mwanamume ambaye hajakanyaga sebule ya baba yake hata kunywa sharubati. Basi kwa adabu kubwa, na upumbavu mkubwa zaidi, Nermin alinyamaza.

"Mmemkata sikio kama mwizi," alisema Shawki.

"Kuna sababu."

"Itaje."

Nermin akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Muulize daktari."

"Nakuuliza wewe."

"Basi hutajibiwa."

Kumuuliza daktari kungechukua dakika mbili. Shawki akachagua kununa. Aliwafungia paka wengine sita wa soko kwenye stoo ya makreti, akaacha kupokea simu.

Jumatano asubuhi mzee wa soko, Haji Metwalli, aliwapigia watu wa makao. Wateja wanalalamika kwamba paka wamezidi, alisema. Paka wenye alama ya sikio watabaki. Wengine wote watawekewa sumu kesho, na stoo zitafunguliwa. Aliyasema hayo kwa upole, kisha akaenda kuswali.

Nermin alimpigia Shawki mara kumi na moja. Ya kumi na mbili aliipeleka kwa miguu.

"Fungua stoo."

"Mkate masikio mengine?"

"Kesho Haji anawapa sumu wote wasiokatwa."

"Sikio linamwokoaje paka?"

Wauza kaa wakaacha kupaza bei. Nermin aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu siku ya matokeo:

"Kwa sababu amefungwa kizazi, Shawki. Kizazi. Hazai tena, basi Haji hana la kulalamika. Nimelisema mbele ya soko zima na mbele ya shangazi yangu yule pale anayechagua pweza, na aliyenifikisha hapa ni wewe."

Shangazi akamrudisha pweza mezani, polepole.

Shawki alikosea funguo mara tatu kabla mlango haujafunguka. Paka sita wakaingizwa kwenye makreti, makreti yakapakiwa kwenye gari la barafu, na kufikia alasiri wote walikuwa wamelala kwa daktari, kila mmoja na alama yake.

Wapenzi wetu walikaa kwenye benchi la nje, mmoja huku, mwingine kule.

"Bado una hasira, roho yangu?" aliuliza Shawki.

"Sana."

"Lile neno la kizazi, kwetu mke humwambia mumewe tu."

"Najua. Baba anakusubiri Ijumaa saa kumi," alisema Nermin bila kumtazama. "Usichelewe, maana bado nina mengi ya kukuambia."