Asali ya Koo la Kagure

Kitendawili, wajukuu! Sisi twamkata kichwa, wao wamkata mkia, na bado anatutuma kazi. Mmeshindwa? Basi kaeni, jibu liko mbele.

Ilikuwa siku ya soko pale Embu. Gitobu alikuwa akishusha ndizi za Kanyakine tangu alfajiri, mgongo ukikataa kunyooka. Amekaa juu ya gunia hivi, akasimama mbele yake binti mwenye sare ya samawati ya wahudumu wa wagonjwa, raba zimelika upande, macho mekundu kwa zamu ya usiku, waya za simu masikioni.

"Abre!" akasema binti.

Gitobu akatazama nyuma. "Ni mimi, madam?"

"Woi, samahani! Nafanya mazoezi ya Kihispania. Nimesema 'fungua.'"

Gitobu akafungua gunia. "Haya. Sasa?"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta.

Ndiye Kagure wa Manyatta. Alikuwa amepata kazi Uhispania ya kutunza wazee, bora apite mtihani wa lugha. Wakapeana namba, ikawa kila jioni simu ya Gitobu inalia.

"Nitume basi, malkia," Gitobu anasema.

"Sisi tunatoa 'ku': kufungua, fungua. Wao wanatoa 'r' ya mwisho. Trabajar, trabaja, fanya kazi. Comer, come, kula; hiyo yetu fupi, haikatwi."

"Na ile ya gunia?"

"Abrir? Hiyo 'i' inakuwa 'e': abre. Lakini hiyo ni ya mtu umezoea. Mzee utamwambia kwa heshima: trabaje, coma, abra."

"Mimi ni mzee?"

"Wewe? Escucha! Sikiza, na unyamaze."

Mmeona jibu la kitendawili? Ni amri.

Kwa kurudiarudia, sauti ya Kagure ikakauka. Gitobu akapeleka mtungi wa asali kwao Manyatta, akamkuta nyanyake Kagure, cucu Gatakaa, peke yake. "Ni ya Kagure," akasema, akakimbilia lori.

Jamani! Mwanamume kuleta asali kwa kina msichana, si ni posa hiyo? Kufika jioni, majirani walikuwa wanampongeza Kagure mlangoni. Akampigia Gitobu simu.

"Umenichumbia bila kuniuliza? Unataka kunifunga nisiende!"

"Ilikuwa ya koo, Kagure! Nilidhani posa ni kibuyu, si mtungi wa plastiki."

"Usinipigie tena."

Wakachoka wote wawili, kila mtu kivyake. Yeye na wagonjwa wake, huyu na ndizi zake. Kagure akapita mtihani. Tikiti ikaja.

Siku ya kuondoka Gitobu akafika Manyatta, shati lina utomvu wa ndizi.

"Cucu, nimekuja kuchukua asali. Isimfunge."

"Haijaguswa," Gatakaa akasema, akautoa mtungi. "Haionjwi mpaka msichana akubali."

Kagure akatoka na begi, rinda la maua, uso umechoka kwa kulia.

Gitobu akaangalia chini. "Viaja," akasema, ulimi ukijikwaa. Safiri. "Trabaja." Fanya kazi. "Regresa."

Rudi.

"Nani amekufunza hiyo?"

"Nimekata mikia peke yangu."

Kagure akauangalia mtungi, kisha akamwangalia yeye.

"Gitobu."

"Naam."

"Abre."

Akafungua. Kagure akachovya kidole, akalamba polepole, machozi na asali pamoja. Gatakaa akapiga kigelegele kimoja tu. Cha pili, pumzi haikutosha.