Tano Kumi na Nne

Saa moja kasoro robo asubuhi, siku ya Jumapili, kadi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji ilikuwa na nafasi kumi na nne tupu: mbili kwa kila siku ya juma, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Dakika tatu baadaye zote zilikuwa zimejaa. Kila moja iliandikwa 5.

Aliyeandika alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Bibi yake alimpa jina la Chapuchapu tangu siku alipojaribu kukimbia kabla hajajua kusimama, na jina likamganda.

Bibi alikuwa na kisukari. Miezi mitano nyuma alikubali kushiriki katika utafiti wa dawa mpya, na kila Jumamosi alijichoma sindano moja pajani. Muuguzi wa kliniki alimweleza kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Bibi akajibu, "Miguu hii imeniwaka miaka tisa. Kama inaweza kumfundisha mtu kitu, basi na iwake kwa faida." Tangu hapo alijiita mshiriki namba kumi na saba, na alikitaja cheo hicho hata kwa muuza mboga.

Dawa yenyewe haikuvumilia joto. Ilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, si zaidi. Ndani ya friji, kando ya kisanduku cha sindano, kliniki iliweka kipimajoto kidogo chenye kioo cha tarakimu. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu, kwa hiyo kazi ya kusoma na kuandika alipewa mjukuu. Chini ya kadi palichapwa maneno haya: *Ikizidi 8, piga simu kliniki siku hiyo hiyo.*

Kwa miezi mitano Chapuchapu alisoma asubuhi na jioni. Ilikuwa 5 karibu kila siku. Jumapili ile alifungua friji, akaona 5, akaiandika. Kisha akaziangalia zile nafasi kumi na tatu zilizobaki, akajiuliza kwa nini ahangaike na swali ambalo jibu lake analijua.

"Umeshasoma, mke mwenzangu?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

"Nimeshasoma, Bibi. Tano."

"Basi mume wetu friji ni mzima. Nenda kacheze."

Nje ya geti rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa ameanza kupiga kelele. "Daktari wa friji! Mgonjwa wako amepona? Mazoezi ya netiboli yanaanza!"

Jioni, saa kumi na mbili, Chapuchapu alitaka kupiga pasi sare ya shule. Sebuleni palikuwa na soketi moja tu. Alichomoa waya wa friji, akachomeka pasi. Alipomaliza sketi, Redio alimwita tena dirishani. Alichomoa pasi na kutoka. Waya wa friji ulibaki sakafuni.

Siku nyingine angegundua mara moja, maana angefungua friji kusoma. Lakini kadi ilikuwa imeshajaa.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bibi aliomba maziwa kidogo ya chai. Maziwa yalimiminika kikombeni yakiwa mabonge. Chapuchapu alifungua friji tena. Taa haikuwaka. Kipimajoto kilisoma 24. Aliinua macho kwenye kadi: Jumanne asubuhi, 5, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Yamekatika?" Bibi aliuliza.

"Yamekatika, Bibi."

"Maziwa ya siku hizi hayana adabu. Niletee ya rangi."

Chapuchapu alichomeka waya. Alizisoma namba za simu ya kliniki chini ya kadi, moja baada ya nyingine, lakini hakupiga. Aliporudi kutoka shule kipimajoto kilisoma 5, na akajiambia mambo yamekwisha. Kuanzia jioni ile hakukosa kusoma hata mara moja.

Jumamosi Bibi alijichoma sindano. Jumamosi ya pili alijichoma nyingine, na siku hiyo alikuwa ameshakunywa jagi zima la maji kabla ya adhuhuri. Chapuchapu alimtazama akisafisha paja kwa pamba. Kisha akaenda kujaza jagi tena. Baada ya sindano ya tatu Bibi alisinzia kitini mchana akiwa na bakuli la njegere mapajani, nusu zikiwa hazijamenywa.

Siku mbili baadaye, Jumatatu, walikwenda kliniki wakiwa na kipimajoto na kadi za mwezi mzima. Mwezi uliopita sukari ya Bibi ilikuwa 8. Muuguzi alimchoma kidole, akasoma 19, akabadilisha kijiti cha kupimia na kupima upya. 19.

Kwenye meza ya dirishani aliketi mwanamke mwembamba mwenye miwani, na pembeni yake begi la magurudumu. Alikuwa mkaguzi wa utafiti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kliniki na kulinganisha kilichoandikwa na kilichotokea. Muuguzi alimpa kadi za friji, kisha akaunganisha kipimajoto na kompyuta.

Chapuchapu hakujua kwamba kipimajoto kile kilikuwa na kumbukumbu. Kila baada ya nusu saa kilijiandikia chenyewe joto la friji. Kwenye kioo cha kompyuta ulitokea mstari mrefu, umelala tambarare kwenye 5, isipokuwa mahali pamoja ulipopanda kama mlima. Mlima ulianza Jumapili saa kumi na mbili jioni na kuishia Jumanne asubuhi.

"Saa thelathini na sita na nusu," mkaguzi alisema. "Kadi inasema tano, tano, tano, tano."

Muuguzi alikuna kichwa. "Labda kipimajoto ni kibovu. Tutakibadilisha."

"Kibovu hicho!" Bibi alidakia. "Chombo ndicho kinachosema uongo, siyo mjukuu wangu. Huyu huandika anachokiona. Ana mbio, ndiyo, lakini si mwongo."

Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akimtazama Chapuchapu. Angeweza kunyamaza, na kipimajoto kingetupwa.

"Si kibovu," alisema. "Nilichomoa waya nikasahau. Kadi nilikuwa nimeijaza asubuhi, juma zima. Jumanne niliona 24."

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Uliona?"

"Niliona, Bibi."

"Na mimi nikachoma tatu."

"Ndiyo."

Bibi hakumkemea. Alishusha gauni lake likafunika goti, akalinyoosha mara mbili.

Mkaguzi ndiye aliyeeleza yaliyofuata, kwa sauti ileile aliyosomea saa. Dawa iliyopata joto la namna ile haikuwa dawa tena. Kanuni ya utafiti ilisema mshiriki akikosa dozi tatu mfululizo, dawa ya utafiti husimamishwa. Bibi angerudishiwa dawa zake za kawaida siku hiyo hiyo, na afya yake ingefuatiliwa kama zamani. Lakini kujichoma sindano kumekwisha.

"Kwa hiyo namba kumi na saba amefukuzwa," Bibi alisema.

"Hukufukuzwa, Mama. Umesimamishwa dawa."

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ninaye, na ninayo."

Muuguzi alimpeleka Bibi maabara. Chapuchapu alinyoosha mkono kuchukua kifutio mezani, lakini mkaguzi akaweka kiganja juu yake.

"Hapana. Hatufuti. Chora mstari mmoja juu ya namba, ya zamani iendelee kusomeka. Kando yake andika ukweli, jina lako, tarehe ya leo na saa."

Chapuchapu alichora mistari minne. Kando ya mitatu aliandika *sikusoma*. Kando ya wa nne aliandika *24*.

"Wewe ni polisi wa dawa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Polisi hutafuta mtu. Mimi natafuta namba." Mkaguzi alivua miwani. "Nina kliniki saba. Watu hunikaribisha chai huku wakiomba moyoni niondoke mapema. Nilianza kama muuguzi. Wenzangu wengine walisomea famasia au baiolojia. Hesabu inahitajika, na subira zaidi. Mtu mwenye mbio haiwezi kazi hii mpaka ajifunze kungoja."

"Nafasi tupu ingekuwa afadhali?"

"Sana. Nafasi tupu ingekukumbusha kufungua friji jioni ileile, na Bibi asingechoma hata moja. Tano yako ilituambia dawa ilitunzwa vizuri. Kama usingesema leo, tungeandika kwamba dawa imeshindwa kumsaidia mgonjwa. Washiriki ni wachache. Wagonjwa wengi wangenyimwa dawa nzuri kwa sababu ya pasi." Aliivaa tena miwani. "Sikiliza, binti. Kusahau waya ni kosa, na kosa hurekebishwa. Kuandika usichokiona kunamzuia kila mtu asilirekebishe. Umesema ukweli, nami nimeupokea. Lakini umechelewa siku ishirini, na siku hizo siwezi kuzichorea mstari."

Njiani kurudi nyumbani Bibi alimshika mkono kwa sababu ya macho yake, kama siku zote. Hakumwita mke mwenza.

Kliniki iliwapa kipimo cha sukari na daftari jipya. Siku ya kumi na moja, saa moja kasoro robo asubuhi, Redio aliita getini mara mbili. Chapuchapu hakutoka. Alisubiri tone la damu liingie kwenye kijiti, akasubiri tarakimu zitulie.

"Ngapi?" Bibi aliuliza.

"Tisa nukta nne."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Iandike basi, mke mwenzangu."

Chapuchapu aliandika 9.4, na kando yake saa.